Nani Apewe Ini Kwanza? Utafiti wa Kitabibu na Lugha ya Kupimia Ugonjwa

Kwa Waswahili, ini si nyama ya tumboni tu. Maneno makali hukata maini, na aliyekatwa maini ameumizwa mahali ambapo mkono wa mganga haufiki. Yamkini wazee walioiunda nahau hii hawakuwa na haja ya kujua kazi za kiungo chenyewe, lakini walichagua vyema. Ini la mtu mzima lina uzito wa takriban kilo moja na nusu. Ndilo linalotengeneza albumini na protini za kugandisha damu, ndilo linalotoa nyongo, na ndilo linaloondoa sumu kama vile amonia kabla hazijaufikia ubongo. Figo zikifa, mashine inaweza kuisafisha damu kwa miaka mingi. Ini likifa, hakuna mashine inayoweza kushika nafasi yake kwa muda mrefu. Kinachobaki ni ini la mtu mwingine, na maini ya kupandikiza ni machache kuliko watu wanaoyahitaji.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi utafiti wa kitabibu ulivyolikabili swali linalozaliwa na upungufu huo: kati ya wagonjwa wengi, nani apandikizwe kwanza? Kwa mtazamo wa juu juu, hili ni swali la madaktari peke yao. Hata hivyo, atakayeifuatilia historia yake ataona kuwa kwa kiasi kikubwa ni swali la lugha vilevile: ugonjwa uelezwe kwa maneno au kwa tarakimu, na kila njia inamwacha nani nje.

Ini linavyochakaa

Ini lina sifa ya pekee: likikatwa sehemu, hukua tena hadi kukaribia ukubwa wake wa awali. Lakini likishambuliwa mfululizo kwa miaka, iwe ni na virusi vya hepatitisi B au C, na pombe au na mafuta yanayojilimbikiza ndani yake, hujiponya kwa kuweka makovu. Makovu yakienea, ini huwa gumu, na damu inayotoka matumboni hushindwa kupita humo kwa urahisi. Hali hiyo ndiyo huitwa sirosisi. Jina hilo lilibuniwa mwaka wa 1819 na daktari Mfaransa, Laennec, yule yule aliyevumbua stethoskopu, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya rangi ya hudhurungi iliyokaribia manjano. Yaani jina halisemi lolote kuhusu kovu; linataja rangi ambayo Laennec aliiona alipompasua maiti. Tutalirejelea jambo hili.

Mtu anaweza kuishi na sirosisi kwa miaka mingi bila kujua. Tafiti zilizowafuata wagonjwa kwa muda mrefu zilionyesha kuwa katika awamu hii ya kimya, nusu yao huishi zaidi ya miaka 12. Kisha siku moja tumbo hujaa maji, au mgonjwa hutapika damu kwa sababu mishipa ya umio imepasuka, au akili huanza kuvurugika, akasahau siku na kuwaita wanawe kwa majina yasiyo yao. Kuanzia hapo, nusu ya wagonjwa hawavuki takriban miaka miwili wasipopata ini jingine. Huu ndio mpaka unaotenganisha ugonjwa wa ini na ugonjwa wa ini uliofikia kikomo.

Upandikizaji wenyewe ulianza kwa machungu. Mnamo tarehe 1 Machi, 1963, Thomas Starzl alijaribu kumpandikiza mtoto wa miaka mitatu mjini Denver, Marekani. Mtoto alifariki dunia kwa kuvuja damu kabla ya upasuaji kukamilika. Waliofuata nao walikufa baada ya siku chache, hata shughuli hiyo ikasimamishwa kwa muda. Ilikuwa mwaka wa 1967 ambapo mtoto aliyepandikizwa na Starzl aliishi zaidi ya mwaka mmoja. Huko Cambridge, Uingereza, Roy Calne alianza kazi hiyo mwaka wa 1968, na ni yeye aliyeongoza katika kuitumia siklosporini, dawa inayozuia mwili kukikataa kiungo kigeni. Juni 1983, jopo la wataalamu lililoitishwa na Taasisi za Kitaifa za Afya za Marekani lilitamka kwamba upandikizaji wa ini si jaribio tena, bali ni tiba. Tamko hilo lilikuwa la heri, ila liliufungua mlango wa tatizo jipya, kwani tiba ikishakubaliwa, kila mgonjwa ana haki ya kuidai.

Kipimo cha maneno

Kwa miaka mingi ukali wa ugonjwa wa ini ulipimwa kwa kigezo cha Child na Turcotte, wapasuaji wawili wa Marekani waliokichapisha mwaka wa 1964. Mwaka wa 1973, Pugh na wenzake wa London walikirekebisha kwa kuondoa hali ya lishe na kuweka muda wa damu kuganda. Vipengele vikawa vitano: bilirubini, albumini, muda wa kuganda kwa damu, maji ya tumboni na kuvurugika kwa akili. Kila kipengele hupewa alama 1 hadi 3. Jumla ya 5 au 6 ni daraja A, 7 hadi 9 ni B, na 10 hadi 15 ni C.

Kigezo hiki kingali kinatumika, na kwa haki, maana ni chepesi na daktari anaweza kukikokotoa kando ya kitanda. Udhaifu wake, hata hivyo, utamgusa papo hapo mwanafunzi yeyote wa semantiki. Vipengele vitatu ni vya maabara, lakini viwili vimejengwa juu ya vivumishi. Maji ya tumboni ni 'kidogo' au ni 'ya wastani'? Akili ya mgonjwa imevurugika 'kwa kiasi' au 'sana'? Daktari mmoja ataona kidogo, mwenzake ataona wastani, na tofauti hiyo yaweza kumvusha mgonjwa kutoka daraja moja hadi jingine. Isitoshe, mizani ina kikomo cha chini na cha juu. Bilirubini ikishapita miligramu 3 kwa desilita, alama ni ile ile 3, iwe ni 4 au ni 40.

Katika Marekani ya miaka ya 1990, maini yaligawanywa kwa kuwapanga wagonjwa katika makundi machache mapana, halafu ndani ya kila kundi aliyesubiri muda mrefu zaidi akatangulia. Foleni inaonekana kuwa haki: wa kwanza kufika, wa kwanza kuhudumiwa. Lakini ini si unga wa dukani. Aliyeandikishwa mapema huenda bado ana nguvu za kutembea, ilhali aliyeandikishwa juzi hatauona mwezi ujao. Zaidi ya hayo, kwa kuwa aliyelazwa katika chumba cha mahututi alipanda daraja, zilizuka tuhuma kuwa baadhi ya wagonjwa walilazwa humo kwa ajili ya daraja hilo kuliko kwa ajili ya hali yao. Mwaka wa 1999, Taasisi ya Tiba ya Marekani ilitoa ripoti iliyosema kuwa muda wa kusubiri si kigezo kinachofaa kugawia maini. Palihitajika mizani ambayo haingetegemea jicho la daktari wala kalenda.

Tarakimu zinatwaa nafasi

Jawabu lilitoka mahali ambapo halikutafutwa. Katika Kliniki ya Mayo, Minnesota, watafiti walikuwa wakichunguza tiba tofauti kabisa, nayo ni kupitisha mrija ndani ya ini ili damu ipate njia na mgonjwa asitapike damu tena. Wengine walinufaika na mrija huo; wengine walikufa upesi. Ili kujua ni nani asiwekewe, Malinchoc, Kamath na wenzao waliwachunguza wagonjwa 231 na kuchapisha matokeo mwaka wa 2000. Mwaka uliofuata walionyesha kuwa hesabu ile ile ilitabiri uhai wa wagonjwa wa ini kwa jumla, hata wasiowekewa mrija. Hesabu hiyo ikaja kujulikana kama MELD.

MELD hutumia vipimo vitatu vya damu: bilirubini, ambayo huonyesha ini linavyoshindwa kuondoa rangi ya manjano, INR, ambayo huonyesha damu inavyochelewa kuganda, na kreatinini, ambayo huonyesha hali ya figo. Kila kimoja hugeuzwa kuwa logi, kikazidishwa kwa uzito wake, kisha vikajumlishwa. Alama huanzia 6 na kuishia 40. Tuseme mgonjwa ana bilirubini ya 4, INR ya 2 na kreatinini ya 1: atapata alama 19. Figo zake zikidhoofika hadi kreatinini iwe 2, mengine yakibaki yalivyo, atapanda hadi 26. Hakuna kivumishi hata kimoja katika hesabu hiyo, na atakayeifanya Nairobi atapata jibu lile lile la aliyeifanya Chicago.

Je, ilisema kweli? Uchunguzi uliochapishwa mwaka wa 2003 na Wiesner na wenzake uliwafuata watu wazima 3,437 waliokuwa katika orodha ya kusubiri nchini Marekani. Katika miezi mitatu, 412 kati yao walikufa. Miongoni mwa waliokuwa na alama chini ya 9, waliokufa ni asilimia 1.9, miongoni mwa waliofikisha 40, asilimia 71.3. Njia nyingine ya kulitazama jambo hili ni kumchukua mgonjwa mmoja aliyekufa na mwingine aliyeishi, kisha kuuliza ni mara ngapi kipimo kingemtambua aliyekuwa hatarini zaidi. MELD ilipatia mara 83 kwa kila 100. Kigezo cha Child, Turcotte na Pugh, mara 76. Pengo hilo laweza kuonekana dogo kwa msomaji. Kwa anayesubiri ini, si dogo.

Tarehe 27 Februari, 2002, Marekani ilianza kugawanya maini kwa MELD: mgonjwa zaidi akatangulia. Ufunuo mwingine ulifuata. Mwaka wa 2005, Merion na wenzake walionyesha kuwa katika mwaka wa kwanza, wagonjwa wenye alama za chini ya 15 walikufa zaidi wakipandikizwa kuliko wakiachwa wasubiri. Ilimaanisha kwamba chini ya utaratibu wa awali, wapo waliopewa ini mapema mno, wakauawa na tiba iliyokusudiwa kuwaokoa, huku aliyelihitaji akikosa.

Wasioonekana

Hapa ndipo pangefaa kusema kuwa tarakimu zilishinda maneno na mambo yakaisha. Sivyo. Tarakimu nazo zina kimya chake.

Tuanze na kreatinini. Kemikali hii hutoka katika misuli. Kwa kuwa wanawake kwa wastani wana misuli michache kuliko wanaume, mwanamke na mwanamume wa umri mmoja ambao figo zao zimedhoofika sawasawa hawatakuwa na kreatinini sawa: yake yeye yaweza kuwa 1.2 wakati ya mwanamume ni 1.5. Katika hesabu ya MELD, tofauti hiyo ni takriban alama mbili. Alama mbili zinatosha kumweka mwanamume mbele. Tafiti zilizofuata baada ya 2002 zilibaini kuwa wanawake walikuwa na nafasi ndogo ya kupandikizwa na uwezekano mkubwa wa kufa wakisubiri. Hakuna aliyekusudia kuwabagua. Hesabu ile haikutaja jinsia popote, na kutotaja kwenyewe ndiko kulikobagua. Wanaisimu wanaoshughulikia lugha na jinsia watalitambua jambo hili bila kufafanuliwa zaidi.

Upungufu mwingine ulihusu sodiamu. Mgonjwa aliyejaa maji mwilini huwa na sodiamu ya chini katika damu, na mwaka wa 2008 Kim na wenzake walionyesha kuwa hali hiyo ni dalili ya kifo ambayo MELD haikuiona. Sodiamu iliingizwa katika ugawaji Januari 2016. Julai 2023 likaja toleo lililoitwa MELD 3.0: likaongeza albumini, likashusha kikomo cha juu cha kreatinini, na likampa kila mwanamke mtu mzima alama 1.33 za ziada. Miaka 21 ilipita kati ya utaratibu wa kwanza na marekebisho hayo.

Wapo pia wagonjwa wa saratani ya ini, ambao damu yao yaweza kuwa shwari huku uvimbe ukikua. Kwa hawa, mwongozo ulitoka Milan, Italia, ambako Mazzaferro na wenzake mwaka wa 1996 waliripoti habari za wagonjwa 48 waliopandikizwa wakiwa na uvimbe mmoja usiozidi sentimita 5, au usiozidi mitatu ambayo kila mmoja haukupita sentimita 3. Asilimia 75 walikuwa hai baada ya miaka minne. Vipimo hivyo vya Milan vikawa msingi wa kuwapa wagonjwa kama hao alama za upendeleo.

Na kwetu je? Kandokando ya Ziwa Victoria upo ugonjwa wa kichocho cha matumbo, ambao huziba njia za damu ndani ya ini huku seli za ini zikiendelea na kazi yake. Mgonjwa wa aina hiyo anaweza kutapika damu hadi kukaribia kufa, ilhali bilirubini na INR yake ni za kawaida. MELD itamwona kama mtu mzima wa afya. Si kosa la MELD. Haikuundwa kwa ajili yake. Lakini anayekiazima kipimo sharti ajue kilipimiwa nani.

Anayestahili na asiyestahili

Suala zito kuliko yote haya ni pombe. Katika vituo vingi vya upandikizaji palikuwa na kanuni isiyotetereka: mgonjwa aliyeharibiwa ini na pombe akae miezi sita bila kunywa, ndipo afikiriwe. Hoja ya kitabibu ilikuwapo, kwani wengine hupata nafuu wakiacha kunywa na wasihitaji ini tena. Hata hivyo, yupo mgonjwa wa hepatitisi kali ya pombe ambaye dawa za steroidi zimemshinda. Wengi wa aina hii hufa kabla ya miezi sita kutimia. Kumwambia asubiri ni kumhukumu kifo kwa lugha ya adabu.

Mwaka wa 2011, Mathurin na wenzake wa Ufaransa na Ubelgiji walichapisha utafiti uliothubutu kuivunja kanuni hiyo. Waliwapandikiza wagonjwa 26 mapema, bila kungoja. Baada ya miezi sita, asilimia 77 walikuwa hai. Miongoni mwa wenzao waliolinganishwa nao na ambao hawakupandikizwa, asilimia 23. Watatu kati ya 26 walirudia kunywa baadaye. Uteuzi ulikuwa mkali mno: chini ya asilimia 2 ya waliolazwa kwa ugonjwa huo ndio waliochaguliwa, wenye jamaa wa karibu wa kuwaegemea na wasio na maradhi mengine makubwa. Mtu anaweza kupinga, akauliza kwa nini ini adimu apewe mnywaji. Maoni yangu ni kwamba swali hilo likiulizwa, na liulizwe pia kuhusu aliyekula mafuta kupita kiasi au aliyepuuza dawa za hepatitisi. Daktari hana mizani ya dhambi, na MELD haina safu yake.

Njia mojawapo ya kuikwepa foleni ni ndugu aliye hai kutoa sehemu ya ini lake. Jaribio la kwanza lilifanyika Brazil mwaka wa 1988, na la kwanza kufaulu likafanyika Brisbane, Australia, mwaka wa 1989. Mtoaji hukatwa akiwa mzima, na ingawa hatari ya kufa iko chini ya 1 kwa kila 100, si sifuri. Mwaka wa 2017 mjini Johannesburg, katika kituo cha Wits Donald Gordon, mama anayeishi na virusi vya UKIMWI alimpa mwanawe, asiye navyo, kipande cha ini lake. Mtoto alikuwa amesubiri katika orodha kwa siku 181 bila kupatikana mtoaji. Madaktari walipima hatari mbili: ya maambukizi, ambayo dawa zaweza kuyadhibiti, na ya kifo. Mama ndiye aliyekuwa ameomba, tena na tena, aruhusiwe kutoa.

Majina na fomu za idhini

Tulisema kwamba Laennec aliita ugonjwa kwa rangi. Majina ya aina hiyo yana madhara. Kwa miaka mingi kulikuwa na ugonjwa wa mifereji ya nyongo ulioitwa sirosisi ya msingi ya nyongo, ingawa wengi wa wagonjwa wake, ambao zaidi ni wanawake, hawakuwa na sirosisi kamwe, na walichoka kushukiwa kuwa walevi. Mwaka wa 2015, kwa juhudi za wagonjwa wenyewe, neno hilo liliondolewa katika jina. Mwaka wa 2023, jopo la kimataifa lililohusisha watu 236 kutoka nchi 56 lilibadilisha jina la ugonjwa wa ini lenye mafuta, baada ya wengi wao kukubali kuwa maneno yaliyokuwamo, yaliyotaja mafuta na pombe, yalikuwa na unyanyapaa. Wataalamu wa tiba walikuwa wakifanya kazi yetu, ya istilahi.

Kwa upande wa Kiswahili kazi hiyo inatungoja. Mathalani, 'homa ya manjano' kwa wengi humaanisha ugonjwa wa virusi unaoenezwa na mbu, na papo hapo humaanisha umanjano wa macho unaoletwa na ini. Mgonjwa aliyeambiwa ana homa ya manjano atadhani amechelewa kuchanjwa, asijue kuwa ini lake linakufa. Katika utafiti wa kitabibu mkanganyiko wa namna hiyo ni hatari zaidi, kwa kuwa hakuna anayeingizwa katika utafiti bila kutia sahihi fomu ya idhini, na fomu hizo hapa nchini hutafsiriwa kwa Kiswahili. Mfasiri atakutana na sentensi inayosema kuwa washiriki watagawanywa makundi mawili pasipo mtu kuchagua. Akiandika 'kwa bahati nasibu', msomaji atafikiria mchezo wa kuigizwa na kuwania zawadi. Akiandika 'kiholela', atafikiria uzembe. 'Kwa kupigiwa kura' inakaribia, ila katika nchi yenye chaguzi kama zetu nayo huleta picha ya wagombea. Binafsi ninapendelea kuieleza kuliko kuitaja: kompyuta ndiyo itakayoamua kundi lako, na wala daktari wala wewe hamtaweza kulibadilisha.

Vivyo hivyo 'sirosisi'. Tunaweza kuliacha lilivyo, lisilosema kitu kwa mzee wa Busia au wa Lamu. Au tunaweza kusema 'ini lililojaa makovu', maneno ambayo hayataji rangi wala hayamshuku mtu ulevi, na ambayo mgonjwa akiyasikia anaelewa kwa nini dawa ya kumeza haitalilainisha tena, na kwa nini daktari anamuuliza kama ana ndugu.